Gharama ya Dohani ya Nyumba ya Mkunga

Vijana wa karakana, siku mliponiaga kwa soda na biskuti, mmoja wenu aliniuliza ni kazi gani ilikuwa ngumu kuliko zote. Nilimjibu kwamba ni kustaafu. Mkacheka, mambo yakaishia hapo. Sasa nimekaa nyumbani hapa Mugumu majuma kadhaa bila kushika mwiko, na nimeona swali lile lilistahili jibu la kweli. Vyeo nitaviruka. Vilikuja vimechelewa, na hakuna hata kimoja kilichonifundisha kupanga jiwe.

Niliripoti Tarime asubuhi moja ya baridi, miaka ya mwanzo ya ujamaa, nikiwa na cheti cha darasa la saba ndani ya bahasha na viatu vya kaka yangu miguuni. Karakana ilikuwa banda la bati nyuma ya ofisi ya majengo ya serikali. Aliyenipokea hakuitazama bahasha. Alinyoosha kidole kwa mzee mmoja mfupi aliyekalia ndoo iliyopinduliwa, akinoa tindo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtajia baba yangu na kijiji chetu. Akafikiri kidogo, akaridhika.

"Haya, mura. Chekecheo lile pale, mchanga ule pale."

Mura kwa Kikurya ni kijana. Aliniita hivyo hata baada ya mimi kuoa. Siku ile nilichekecha mchanga mpaka jioni. Alipokuja kukagua alichota kidogo, akaufinya kiganjani, akaufungua mkono. Kiganja kilikuwa kimebaki na rangi ya udongo.

"Bado una matope. Kesho rudia."

Huyo ndiye Mzee Nyamhanga, fundi mwashi, mtu wa Kemambo. Uashi alijifunzia kwa wazungu wakati wa ukoloni, na juu yao alikuwa na neno moja tu, kwamba walitaka nyumba iwe na moto ndani na madirisha yawe wazi. Kazi zangu zote nilizofanya baadaye, nzuri kwa mbaya, zimetoka mikononi mwake. Alinifundisha kuteremsha timazi kupima wima kabla sijautazama ukuta kwa jicho. Alinifundisha kuloweka tofali kabla ya kulijenga, kuosha vyombo kabla ya kula, na kutopiga mluzi juu ya jukwaa la ujenzi. Hilo la mluzi sikuwahi kujua sababu yake. Sikuuliza, na mpaka leo sipigi.

Miaka ya kuhamia vijijini ilimkuta na nyumba yake mwenyewe huko Kemambo, ya msingi wa mawe, aliyoijenga kwa likizo moja baada ya nyingine. Haikuwa kwenye mstari wa viwanja uliopimwa, hivyo ilibidi iachwe. Alipewa kiwanja kingine ndani ya kijiji kipya. Jumamosi moja alikwenda, akang'oa milango na madirisha, akavibeba kwa punda, na Jumatatu akarudi kazini. Nilimuuliza kama amemaliza kuhama.

"Nimehama," alisema. "Nipe koleo."

Sikumsikia tena akiitaja nyumba hiyo.

Sasa nije kwenye dohani, ile kazi mliyoniuliza. Juu ya mji wa Tarime, kilimani, kulikuwa na nyumba ya mawe iliyoachwa na wakoloni. Sebuleni ilikuwa na meko ndani ya ukuta, na kutoka kwenye meko dohani nene ya mawe ilipanda ikatoboa paa. Aliyewahi kulala Tarime mwezi wa saba hatashangaa kwa nini waliijenga. Baada ya uhuru nyumba ilipita mikono mingi, mpaka akapewa Sista Bhoke, mkunga mkuu wa hospitali. Alikuwa mjane, akiishi na binti zake wadogo wawili. Nusu ya watoto wa mji ule walitua mikononi mwake, mzaliwa wangu wa kwanza akiwa mmoja wao. Alikuwa mwanamke wa sauti ndogo, lakini ukiitwa naye unasimama.

Siku moja ya masika alitujia karakana, sare yake nyeupe imelowa mabegani.

"Shikamoo, Mzee Nyamhanga. Nyumba yenu inalia."

"Marahaba, mama. Inavuja wapi?"

"Bora uniulize wapi haivuji."

Tulipanda. Nilishika ngazi, Mzee akaenda juu ya paa peku, kama alivyozoea. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Nilimwona akichomeka tindo kati ya mawe ya dohani, na tindo likazama mpaka kwenye mpini, kama kisu kwenye ugali. Chokaa ya zamani ilikuwa imegeuka uji. Pale dohani inapokutana na bati palikuwa na bamba la madini ya risasi la kuzuia maji, lakini lilikuwa limeng'olewa zamani. Risasi ya namna ile wavuvi wa ziwani wanaipenda kwa kuzamishia nyavu, na mapaa mengi ya serikali yalikwenda kuvua samaki miaka ile. Mwisho akateremsha timazi. Dohani ilikuwa imeinama upana wa kiganja, kuelekea chumba cha binti za Sista.

Alishuka taratibu. Akanawa mikono kwa maji ya mvua.

"Mama, watoto wahamishe kule jikoni."

"Kwa leo?"

"Mpaka nikwambie."

Msimamizi wetu wa majengo wakati huo alikuwa Ndugu Elias, mtu wa kutoka mbali na mkoa wetu, mwenye kalamu mfukoni na wasiwasi usoni. Hakuwa mtu mbaya. Ninaandika hivyo baada ya kufikiri miaka mingi. Mzee alimweleza kwamba kuna njia mbili, kuibomoa dohani au kuitengeneza, na kuiacha vilevile si njia.

"Kubomoa mali ya serikali kunahitaji ruhusa ya mkoani," alisema Ndugu Elias. "Nitaomba."

"Basi tuitengeneze."

"Kwa simenti ipi, mzee wangu?"

Ninyi mnaonunua simenti kibandani, kando ya mama anayeuza nyanya, mtapata taabu kuelewa. Vita ilikuwa imekwisha karibuni, na nchi ilikuwa imekauka. Sabuni ilikuwa kwa mgao, sukari kwa mgao, na simenti kwa kibali. Kibali chenyewe ukikipata, unakwenda nacho ghalani na kuambiwa hakuna kitu. Mgao wetu wa mwaka ule ulikuwa umepelekwa kwenye kazi nyingine iliyosemekana kuwa ya haraka zaidi. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, simenti ilikuwepo kwa wingi. Wengi wetu tulikuwa na ndugu huko. Lakini mpaka ulikuwa umefungwa, na kila siku redio ilikuwa inawasema walanguzi na watu wa magendo.

Tulifanya tulichoweza. Tuliifunga dohani kwa waya, tukaiegemeza kwa miti, tukaziba pale kwenye bati kwa udongo na magunia yaliyopakwa lami. Maji yalisimama siku kadhaa, kisha yakapata njia nyingine. Ruhusa ya kubomoa haikuja. Nyumba nyingine ya kumhamishia Sista haikuwepo. Mvua iliendelea kunyesha mchana kutwa, na ukuta wa chumba kile ukaota ukungu wa kijani.

Halafu asubuhi moja jiwe likatoka kichwani mwa dohani, likapasua bati na dari, likatua kitandani kwa watoto. Kitanda kilikuwa kitupu. Sista Bhoke hakupiga kelele. Alilifunga jiwe ndani ya khanga, akalibeba kichwani mpaka ofisini, akalitua juu ya meza ya Ndugu Elias, kwenye karatasi zake. Mimi na Mzee tulikuwa pale, tumeitwa kwa jambo jingine.

"Hili limelala kwa wanangu," alisema. "Mimi nakwenda wodini, kuna mama ananingoja."

Akachukua khanga yake akatoka. Ndugu Elias alivuta karatasi zake kutoka chini ya jiwe.

"Mzee Nyamhanga, tafuteni njia," alisema. "Sitaki kusikia nyumba yangu imeua watoto."

"Njia ipi, Ndugu?"

"Ninyi ndio wenyeji. Mnajua wenyewe."

Tulipotoka nje Mzee alikwenda moja kwa moja karakana. Alianza kusafisha vyombo vyake kimoja kimoja, ingawa vilikuwa safi.

"Mura, kesho usiniulize niko wapi."

"Tata, utakuwa wapi?" nilimuuliza. Tata ni baba kwa Kikurya.

"Kwa dada yangu."

Dada yake aliolewa ng'ambo, na hakuna asiyejua. Nikamwambia twende wote. Akanitazama kana kwamba nimepiga mluzi jukwaani.

"Una mtoto anayenyonya nyumbani. Kaa hapa. Wakiniulizia, mimi ni mgonjwa."

Aliondoka na mbuzi wake wawili wa kubadilisha kwa simenti, pamoja na punda wa kubebea. Kwenda alikwenda salama. Wakati wa kurudi, asubuhi kweupe, mgambo walimkuta kwenye njia za ng'ombe upande wa Sirari, na mifuko miwili ya simenti mgongoni mwa punda. Baadaye aliniambia kwamba mmoja wao alimwamkia kwanza, shikamoo tata, ndipo akamfunga kamba. Alimjibu marahaba. Angefanya nini?

Habari ilitufikia kabla ya chai. Nilikimbia kumweleza Ndugu Elias, nikidhani atapanda gari aende kusema mtu huyu ni wetu. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Akafunga mlango.

"Marwa, mimi nina watoto," aliniambia kwa sauti ya chini. "Unasikia redio?"

Nilisikia redio. Wote tuliisikia.

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Mzee alisimama kizimbani akiwa peku, amevua kofia. Mkewe, Mama Ghati, alikaa mbele kabisa akiwa ameshika fimbo ya mumewe. Hakimu aliuliza kama ana kibali cha simenti ile. Akajibu hana. Aliuliza ni nani aliyemtuma.

"Kazi ndiyo iliyonituma, mheshimiwa."

Watu wengine walicheka. Mzee hakuwa anafanya mzaha.

Sista Bhoke aliomba kusema. Alieleza yote, dohani, mvua, jiwe kitandani. Alisema kama kuna mtu wa kufungwa kwa ajili ya nyumba ile, basi na yeye afungwe, kwa kuwa ndiye aliyelalamika. Ndipo akaitwa Ndugu Elias, akaulizwa kama alimtuma mshtakiwa.

"Sikumtuma kuvuka mpaka," alisema.

Ilikuwa kweli, neno kwa neno. Alipoisema hakumtazama mtu yeyote, alitazama dirisha. Mzee Nyamhanga alitikisa kichwa kukubali, kama anavyofanya fundi akiona kipimo kimesomwa sawasawa. Akafungwa miaka miwili. Mama Ghati aliinuka, akampelekea fimbo, askari akamwambia haruhusiwi, akarudi nayo.

Kiangazi kilipoanza nikaitwa ofisini. Simenti iliyokamatwa ilikuwa imetaifishwa, na idara yetu imeiomba kwa matengenezo ya nyumba ya mkunga. Ililetwa kwa trekta. Mifuko iliyokamatwa ilikuwa miwili, tuliopokea ulikuwa mmoja. Njia ile ilikuwa na mashimo mengi, lakini sijapata kuona shimo linalomeza mfuko mzima wa simenti.

Niliutua uani kwa Sista Bhoke, nikaukalia. Sikuweza kuufungua. Nilikuwa nayo kamba, nilikuwa nao mchanga niliouchekecha mara mbili, na mikono ilikataa. Sista alirudi kutoka zamu akanikuta hivyo hivyo.

"Marwa, una nini?"

"Sista, huu ni mfuko wa Mzee."

Akaketi kizingitini akavua viatu. Miguu yake ilikuwa imevimba.

"Najua ni wa nani," alisema. "Usipoufungua utashika unyevu, utaganda. Hapo Mzee atakuwa amefungwa bure. Unataka afungwe bure?"

Nikaufungua. Niliibomoa dohani mpaka chini ya bati, jiwe baada ya jiwe, nikiyapanga uani kwa mpangilio ili kila moja lirudi mahali pake. Bamba la risasi sikuwa nalo. Nilikunjua madebe ya mafuta ya taa, nikayapiga kwa nyundo ya mti mpaka yakalala, nikayaingiza ndani ya ukuta na kuyashusha juu ya bati, nikapaka lami. Kichwani nikaweka kofia ya zege yenye mteremko, maji yasipate pa kukaa. Vijana, hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza kuifanya bila mtu wa kunisahihisha. Kila siku niligeuka mara nyingi kuuliza jambo, na hapakuwa na mtu nyuma yangu.

Vuli ilipokuja, nilikwenda kusimama sebuleni kwa Sista mvua ikipiga bati. Binti zake walikuwa wanachezea sakafuni. Hakikudondoka kitu. Yeye aliweka chai mezani, mimi nikanywa.

Mzee nilimwona mara moja tu katika muda wa kifungo. Wafungwa walikuwa wameletwa kubeba mawe ya daraja tulilokuwa tunatengeneza. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu. Askari aligeuka upande mwingine, nadhani kwa makusudi, nami nikamsogelea.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mura. Inavuja?"

"Haivuji."

"Simenti mlipata wapi?"

Sikutaka kusema.

"Ni ile yako, tata. Waliigawa kwetu."

Akalitua jiwe alilokuwa amelibeba. Nilifikiri atakasirika, au atacheka. Alikohoa muda mrefu, mkono umeshika ubavu.

"Ulichanganya kwa kipimo gani?"

"Moja kwa nne."

"Moja kwa tano ingetosha," alisema. "Ungebaki nayo kidogo ya kuziba nyufa za chini." Akaliinua jiwe lake akaenda.

Alipotoka alikuja karakana siku hiyo hiyo, na shati lile lile alilokamatwa nalo. Ndugu Elias alikuwa bado yupo. Alimweleza, akiwa amesimama, kwamba mtu aliyefungwa kwa magendo hawezi kurudishwa kazini, na kwamba si yeye aliyeandika sheria. Mzee alimshukuru. Alichukua timazi yake, akaniachia vyombo vingine vyote, akapanda lori la pamba kwenda kwao. Nilitaka kumsindikiza mpaka Kemambo, akakataa.

Kijijini hakujenga tena. Kila nilipomtembelea nilimkuta amekaa nje ya ile nyumba ya udongo aliyopewa kwenye mstari, jua likimpiga kifuani, akikohoa. Watoto wa jirani walimwita Mzee Magendo. Hawakuwa na ubaya, walidhani ndilo jina lake. Sista Bhoke alimpelekea dawa kila alipopata usafiri, na dawa nazo siku hizo zilikuwa kama simenti. Siku moja alimkuta akiwa amelala chini ya paa linalovuja, ndoo pembeni ya kichwa chake. Aliniambia kwamba alitoka nje akakaa nyuma ya nyumba kwanza, ndipo akaweza kuingia kumhudumia. Nilikwenda Jumapili iliyofuata nikaezua, nikaezeka upya kwa nyasi. Alinishukuru kama mtu anavyomshukuru mgeni.

Alikufa masika, mimi nikiwa nimekwisha hamishiwa Mugumu. Nilifika mchana, kaburi likiwa limeshachimbwa. Watu hawakuwa wengi. Mchungaji aliomba sala fupi kwa sababu ya mawingu. Tulipokuwa tunakaribia kumaliza kufukia, Landrova ya serikali ilikuja ikasimama kando ya zizi, akashuka Ndugu Elias. Alikuwa amepata mvi. Wakati huo alikuwa mkoani, na sijui nani alimpa habari. Alimwamkia kila mtu, hata wadogo. Kisha akafungua nyuma ya gari, na mimi na dereva tukaona mifuko ya simenti, mipya, imefunikwa turubai.

Alimwendea Mama Ghati, akapiga goti moja mbele yake, kalamu yake ikaanguka mfukoni, hakuiokota.

"Mama, nimeleta simenti," alisema. "Mzee ajengewe. Fundi Marwa yupo. Mzee alikuwa fundi, asilale kwenye udongo mtupu."

Mama Ghati alimtazama bila hasira. Alikuwa mzee sana ghafla, ameegemea ile fimbo ya mumewe.

"Asante, baba," alisema. "Simenti hii ina kibali?"

Ndugu Elias alitazama gari, akatazama chini. Hakuna aliyemsaidia. Sista Bhoke, aliyekuwa ameshika mkono wa Mama Ghati, alifumba macho.

"Basi irudishe, mwanangu," Mama Ghati alisema. "Sitaki wamkute nayo tena."

Dereva akafunika turubai. Gari lilipoondoka matone ya kwanza yalikuwa yameanza kudondoka. Nilivua koti, nikaenda kwenye magofu ya nyumba yake ya zamani, ile iliyokuwa nje ya mstari, nikaanza kung'oa mawe ya msingi. Watu wakaja kunisaidia kuyabeba. Niliyapanga juu ya kaburi makavu, bila udongo, bila simenti, kila jiwe likimshikilia mwenzake, mvua ikitunyeshea wote.